Jua Likizama, Farasi Alale Wapi?

Hoja: shule za upandaji farasi kandokando ya Nairobi zifunge milango ya mabanda, au zifungue malango ya malisho?

MWENYE MABANDA: Neno "kufungiwa" ndilo linaloharibu mazungumzo haya. Farasi wa shule hafungiwi, analazwa. Chumba chake kina mita tatu na nusu kila upande, chini kuna maranda makavu, ndoo ya maji imejaa, nyasi kavu zinaning'inia ukutani. Huko nje kuna nini? Langata imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na Karen haiko mbali. Mwaka 2016 simba walitoka hifadhini mara kadhaa, na mmoja wao akapigwa risasi na kufa huko Isinya, Kaunti ya Kajiado. Chui nao huingia mashambani usiku kufuata mbwa. Anayetaka farasi alale nje aseme pia ni nani atakayekesha naye.

MWALIMU WA UPANDAJI: Usiku tuuache kwanza, tuhesabu mchana. Ratiba inayojulikana ni hii: farasi huingizwa saa 11 jioni, hutolewa saa 2 asubuhi kwa somo la kwanza, hufanya kazi saa moja au mbili, kisha hurudishwa ndani kungoja watoto wa alasiri. Ukijumlisha, anakaa kati ya kuta nne zaidi ya saa 20 kwa siku.

Sasa utazame mwili wenyewe. Huyu ni mnyama aliyeumbwa kula huku anatembea. Akiachwa huru hulisha hadi saa 16 kwa siku, hatua baada ya hatua. Tumbo lake ni dogo likilinganishwa na mwili, lita 8 hadi 15 tu, na asidi yake hutiririka mfululizo, kuwe na chakula au kusiwe. Kinachoipoza asidi hiyo ni mate. Mbwa hudondokwa na mate akiona nyama tu. Farasi hatoi mate ya maana mpaka atafune. Asipotafuna, asidi inaunguza ukuta wa tumbo. Ndiyo maana vidonda vya tumbo vimeenea sana kwa farasi wa mbio, ambao hukaa ndani na kulishwa nafaka nyingi.

MWENYE MABANDA: Mwalimu anahesabu mate, na mwenye farasi anahesabu maiti. Ugonjwa wa farasi wa Afrika haumwogopi mtu aliyesoma vitabu vya tumbo. Huletwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, na ukimshika farasi kwa namna ile ya mapafu, zaidi ya farasi tisa kati ya kumi hufa. Asubuhi anakula, kesho povu linamtoka puani, keshokutwa limebaki tandiko lake. Katika miaka ya 1854 na 1855 ugonjwa huu uliua karibu farasi 70,000 katika koloni la Rasi, kusini mwa Afrika. Hakuna dawa ya kuuponya. Usubi hao huruka kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Kwa hiyo mlango unaofungwa jioni hauna nia ya kumtesa farasi. Unamficha.

DAKTARI WA MIFUGO: Mama yuko sahihi kuhusu saa za usubi, ila banda lisipewe sifa lisizostahili. Ziko aina za usubi zisizopenda kuingia ndani ya majengo, na kwa hao paa na kuta husaidia sana. Ziko nyingine ambazo hazioni taabu kuingia kupitia mlango wa nusu ulioachwa wazi juu. Banda lisilo na neti ya matundu madogo kwenye madirisha na milango ni mwavuli uliotoboka. Neti ya mbu ya kawaida haitoshi, kwa sababu usubi hupenya pale mbu anapokwama, labda iwe imetiwa dawa ya kuua wadudu.

Chanjo nayo ipewe nafasi yake. Virusi hivi vina aina 9, na kinga dhidi ya aina moja si lazima imkinge farasi dhidi ya nyingine. Farasi aliyechanjwa bado anahitaji neti, na aliye ndani ya neti bado anahitaji chanjo.

MWALIMU WA UPANDAJI: Basi daktari ameshaligawa swali sehemu mbili, usiku na mchana, na mgawo huo ndio shule nyingi hazitaki kuuona. Kama usubi huruka kuanzia magharibi mpaka alfajiri, saa 5 asubuhi wako wapi? Wametulia. Farasi yuko wapi? Amesharudishwa chumbani, amesimama, anatazama ukuta. Ugonjwa umetumiwa kuhalalisha saa ambazo ugonjwa hauzihusu. Ukweli ni kwamba farasi aliye chumbani hana matope, hahitaji kufuatwa malishoni, na mzazi akifika na gari anamkuta anang'aa. Huo ni usafi wa macho ya mteja.

MWENYE MABANDA: Mwalimu anazungumza kama mtu asiyelipa kodi ya ardhi. Malisho gani hayo ya mchana? Kuanzia Januari hadi masika, malisho ya Langata ni vumbi. Mvua ikinyesha, nyasi zinaota kwa haraka zikiwa zimejaa sukari, na farasi mnene akizishambulia anapata uvimbe ndani ya kwato. Hata kusimama hawezi. Anajiegemeza nyuma kama mtu anayekanyaga makaa. Ongeza kupe. Ongeza mateke: farasi wawili wakigombana, mfupa mmoja wa mguu ukivunjika, hakuna fundi wa kuuunga. Shule ina farasi wanane na ekari tatu, na watoto 30 wamelipia Jumamosi. Farasi mzima ni ahadi waliyopewa wazazi hao.

SAISI: Kwa heshima, mama, kuna mambo mawili hapo.

La kwanza ni mateke. Farasi wanaojuana hawapigani hovyo. Wanapigana wiki ya kwanza, wanapangana nani mkubwa, kisha basi. Anayekunja masikio tu anaeleweka. Wanaoumizana ni wale waliofungwa Jumatatu mpaka Jumamosi halafu wakafunguliwa mara moja. Wanatoka na shoti, wanarusha miguu, wanateleza kwenye kona ya uzio. Watu wakiona hivyo husema malisho ni hatari. Saisi akiona hivyo anajua siku tano za kusimama zimetoka kwa dakika tano.

La pili ni kupe. Kupe wanaua, kweli, wanaleta homa ya kukojoa damu. Lakini farasi wengine wameumizwa na dawa ya kupe kuliko kupe wenyewe. Mtu ana pampu ya kuogeshea ng'ombe, anampulizia na farasi.

DAKTARI WA MIFUGO: Hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila stoo. Amitrazi, dawa ya kupe inayotumiwa sana kwa ng'ombe, husimamisha matumbo ya farasi. Chakula kinajikusanya, kinakauka, na farasi anapata msokoto wa tumbo. Hawezi kutapika, maumbile yake hayamruhusu, kwa hiyo kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea. Vivyo hivyo monensini, inayochanganywa katika baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe, huharibu moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo ambacho ng'ombe hakisikii. Ulinzi wa namna hii hautoki bandani wala malishoni. Unatokana na mtu aliyefundishwa kusoma mfuko wa chakula na chupa ya dawa.

MWALIMU WA UPANDAJI: Kuna ushahidi zaidi ya mateke. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia farasi 187 waliokaa katika vyumba vya mmoja mmoja. Watafiti walitazama dalili za dhiki: kurudia tendo moja bila kukoma, ukali kwa watu, kushtuka ovyo, na kuzubaa kama mnyama asiyeona wala kusikia kinachoendelea. Kadiri farasi alivyokuwa amekaa vyumbani kwa muda mrefu, ndivyo uwezekano wa kuzubaa ulivyoongezeka. Dirisha la kutazama nje, matandiko ya majani makavu na nafaka kidogo vilisaidia kiasi. Karibu mabadiliko mengine yote ya chumba hayakusaidia.

Uswisi hawakungoja. Kanuni zao za ustawi wa wanyama za mwaka 2008 zinadai kila farasi aweze kumwona, kumsikia na kumnusa farasi mwenzake, na farasi wachanga wakuzwe kundini. Kumfunga farasi kamba kama makazi yake ya kudumu kulipigwa marufuku.

MWENYE MABANDA: Uswisi haina punda milia. Ugonjwa huu haukai milimani kwao. Unakaa hapa, ndani ya punda milia wanaotembea nao damuni bila kuugua. Uhispania iliingiza punda milia kutoka Namibia mwaka 1987, na ilichukua mpaka 1990 kuumaliza ugonjwa, baada ya farasi wengi kufa. Thailand ilivamiwa mwaka 2020, mamia ya farasi wakateketea kwa miezi michache. Thailand ilipofikiwa ilifanya nini? Iliweka farasi ndani, ikashona neti. Sheria ya nchi isiyo na usubi wenye virusi isije kufundisha Kajiado namna ya kufunga mlango.

MWALIMU WA UPANDAJI: Usubi wa Bern, Uswisi, na wa Kajiado wanatofautiana. Tumbo la farasi wa Bern na la farasi wa Kajiado ni lile lile.

Na hapa hoja inaingia uwanjani, kwa sababu kinachoanzia chumbani huishia chini ya tandiko. Tokyo, Olimpiki iliyofanyika 2021, mashindano ya pentathlon ya kisasa: mpanda farasi alipewa farasi asiyemjua na dakika 20 za kuzoeana. Farasi mmoja, Saint Boy, alikataa kuruka. Mpandaji akalia mbele ya dunia nzima, akampiga mjeledi mara kwa mara, kocha wake akampiga farasi kwa ngumi. Aibu ile ilichangia farasi kuondolewa kabisa katika mchezo huo baada ya Paris 2024. Sasa farasi wa shule ya upandaji hupewa mgeni mwingine kila saa, Jumamosi nzima. Huyu anavuta hatamu kama kamba ya ng'ombe, yule anampiga visigino mbavuni huku amemshikilia mdomo. Farasi huyo alilala ndani, ataamkia ndani, na tumbo linamuunguza. Akikunja masikio anaitwa mkorofi. Lijamu linabadilishwa, linaletwa kali zaidi. Hakuna anayeuliza amesimama saa ngapi.

MWENYE MABANDA: Hapo mwalimu amevuka mpaka. Kilichotokea Tokyo kilitokana na mtu na mjeledi wake. Banda halikumpiga farasi yule ngumi. Na wanafunzi wanaovuta hatamu wanafundishwa na nani? Na mwalimu. Farasi akichoka mdomo, lawama isipelekwe kwa seremala aliyejenga chumba.

Tena elimu ya kumtunza farasi karibu na mtu si ya juzi. Xenophon wa Ugiriki, aliyeandika kitabu cha upandaji farasi karne ya nne kabla ya Kristo, alitaka banda liwe mahali ambapo bwana atamwona farasi wake kila mara. Alijua kwamba farasi asiyeonekana hajulikani kama amekula.

MWALIMU WA UPANDAJI: Xenophon huyo huyo alitaka uani pamwagwe mawe ya mviringo, farasi asimame na kutembea juu yake ili kwato zikomae, kwa kuwa zama zake hazikuwa na viatu vya chuma vya kupigilia. Na ndiye aliyeonya kwamba farasi anayelazimishwa hafanyi kitu kwa kuelewa. Akisomwa, asomwe mpaka mwisho.

Na lawama ya hatamu, mwalimu anaipokea. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafai kushika hatamu kabisa. Azungushwe kwa kamba ndefu, ajifunze kukaa, apite mwendo wa kawaida, kisha telki, mikono ikiwa kwenye ukanda wa shingo ya farasi. Mdomo wa farasi uachwe mpaka ukaaji wa mwanafunzi utulie. Hilo linapunguza mapato ya miezi miwili, kwa sababu mzazi anataka picha ya mtoto akiwa peke yake juu ya farasi. Mwalimu yuko tayari kupoteza picha hiyo. Mama yuko tayari kupoteza nini?

SAISI: Kabla mama hajajibu. Xenophon alisema bwana amwone farasi. Huku kwetu anayemwona ni saisi. Nyasi zikiwekwa saa 11 jioni, saa 2 usiku zimekwisha. Kutoka hapo mpaka alfajiri ni kama saa 10, na mwalimu ameeleza asidi inavyofanya. Farasi anayeng'ata ubao wa mlango na kuvuta hewa, yule anayeyumba kushoto na kulia kama pendulamu, saisi anamsikia usiku. Ubao ukibadilishwa anang'ata mwingine.

Dawa yake si ngumu. Nyasi ziwekwe kwenye wavu wa matundu madogo ili zitafunwe polepole, na wavu wa pili uwekwe saa 4 usiku. Anayeuweka ndiye atakayepita akitazama: nani amelala kwa shida, nani anageuka kutazama ubavu wake, nani hajanya. Asubuhi, kabla ya chochote, kipimajoto. Farasi mzima ana nyuzi 37.5 hadi 38.5. Akivuka hapo, yeyote yule, tandiko halimgusi siku hiyo, hata mzazi awe amelipa. Lakini mtu huyo wa saa 4 usiku hayuko kwenye orodha ya mishahara. Saisi aliyeanza kazi saa 12 asubuhi ndiye anaombwa arudi.

DAKTARI WA MIFUGO: Kipimajoto cha mzee kina uzito kuliko anavyokisema. Ugonjwa wa farasi wa Afrika kwa kawaida huchukua siku tano hadi saba tangu kuumwa na usubi, na dalili ya kwanza ni homa, kabla ya povu na kabla ya uvimbe juu ya macho. Farasi mwenye homa akiendeshwa kwa shoti, mapafu na moyo vinapelekwa mahali ambapo havitarudi. Daktari huitwa akiwa ameshachelewa. Saisi yupo wakati unaofaa.

Uzito nao uandikwe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwapandisha wapandaji juu ya farasi wanane huku mzigo ukiongezwa kutoka asilimia 15 ya uzito wa farasi hadi 30. Mzigo ulipofika asilimia 25 na kuendelea, mapigo ya moyo yalipanda na misuli ikauma zaidi. Kwa farasi wa kilo 450, asilimia 20 ni kilo 90, pamoja na tandiko. Mizani igharamiwe kabla ya rangi ya milango.

MWENYE MABANDA: Kila anayesema hapa anaongeza gharama, na hakuna anayeongeza mapato. Neti, mizani, mtu wa usiku, nyasi mara mbili. Bei ya somo ikipanda, watoto wanaobaki ni wa mabalozi. Shule ikafungwa, farasi wanane wanaenda wapi? Wapo wanaouzwa kwa watu wasiojua tofauti ya farasi na punda wa mkokoteni. Kufa kwa shule nako ni suala la ustawi wa farasi.

MWALIMU WA UPANDAJI: Si kila kitu kinaongeza gharama. Usiku, badala ya vyumba vinane vyenye milango minane na madirisha minane ya kushonea neti, jenga banda moja refu, wazi ndani, farasi wanaojuana wakae pamoja. Neti ni za kuta nne tu. Wanatembea, wanakunana migongo, mmoja anasimama macho wengine wakilala. Farasi huhitaji kulala chini kabisa ili apate usingizi mzito, na hufanya hivyo akiwa na amani. Hofu ya simba imejibiwa, ya usubi imejibiwa, ya upweke pia.

MWENYE MABANDA: Na mnyonge wao atakula nini? Mkubwa atasimama kwenye wavu akimfukuza. Na ugonjwa ukiingia, utawatenganishaje?

DAKTARI WA MIFUGO: Ugonjwa wa farasi wa Afrika hauambukizwi kwa kugusana, lazima usubi amuume mmoja kisha mwingine. Mafua ya farasi na majipu ya koo ndiyo yanayopita kwa pumzi na kwa ndoo moja ya maji. Kwa hayo mama ana haki: banda la pamoja lisilo na vyumba viwili vya kando vya kutengea wagonjwa halijakamilika. Na farasi mgeni akae huko wiki mbili hadi tatu kabla ya kuonana na wenzake.

SAISI: Mnyonge anakula kama nyavu ni nyingi kuliko farasi. Farasi wanane, nyavu kumi, zimetawanywa. Mkubwa hawezi kulinda kumi.

MWENYE MABANDA: Haya. Banda la pamoja litafikiriwa wakati wa kujenga upya, vyumba vya wagonjwa vikibaki. Neti zitanunuliwa kabla ya masika, kwa hilo daktari ameshinda. Na mchana farasi watoke, kuanzia saa 1 na nusu asubuhi mpaka saa 9. Saa 9 warudi wasafishwe.

MWALIMU WA UPANDAJI: Kwa nini saa 9? Nairobi jua huzama karibu saa 12 na nusu mwaka mzima. Usubi wanaogopwa jioni, na saa 9 ni jua kali bado.

DAKTARI WA MIFUGO: Kwa upande wa ugonjwa, farasi akiwa ndani saa moja kabla ya jua kuzama inatosha. Saa 11 na nusu, kwa hesabu ya Nairobi.

MWENYE MABANDA: Saa 9 ndipo watoto wanatoka shuleni. Saa 10 wako hapa na helmeti mkononi. Farasi mwenye matope hadi kwapani hapandwi, na masomo ya alasiri ndiyo yanayolipa nyasi kavu.

MWALIMU WA UPANDAJI: Basi mtoto afike saa 10, apewe kamba na brashi, aende malishoni amlete farasi wake mwenyewe, amsafishe, achunguze kwato nne. Hilo nalo ni somo la upandaji, na lihesabiwe kama somo.

MWENYE MABANDA: Mzazi amelipia saa moja ya kupanda. Akiona nusu saa mtoto anakwangua matope, nani atamweleza?

SAISI: Wiki ya kwanza mtoto atazunguka malisho nusu saa akimfukuza farasi. Wiki ya nne farasi anamsubiri langoni. Mzazi aalikwe wiki ya nne.

MWENYE MABANDA: Na wiki tatu za kwanza?